Pasi ya Fedha Isiyofungua Mlango

Vijana wenzangu, wapo watu wanaokusanya pasi za zamani za kuingilia viwanja vya mbio za farasi huko Uingereza. Ni kipande kidogo cha fedha kinachoenea kiganjani, kina jina la uwanja, pengine na namba au jina la mwenyewe. Je, kuna ubaya wowote hapo?

Wengine watajibu haraka: tamaa ya mali tu! Naona jibu hilo ni jepesi mno. Mtu anayetaka fedha kwa uzito wake angenunua vijiko. Mkusanyaji anataka hadithi. Basi hebu tuiangalie hadithi yenyewe.

Chukua mji wa York. Mbio zilihamia uwanda wa Knavesmire mwaka 1731, na katikati ya miaka ya 1750 John Carr akajenga pale jukwaa la watazamaji kwa michango ya watu wenye uwezo. Katika viwanja vya namna hiyo mchangiaji alipewa pasi, ya shaba, ya pembe ya ndovu au ya fedha. Akiionyesha, anapanda juu. Asiye nayo anabaki chini kwenye majani, na farasi wanaopita ni walewale! Yaani kilicholipiwa ni kuona vizuri, sawa, lakini pia kutochangamana na watu wa chini. (VIP na mzunguko havikuanza leo.)

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba Knavesmire palikuwa pia mahali pa kunyongea watu, hadi mwaka 1801. Dick Turpin alinyongwa hapo mwaka 1739. Kosa lake? Kuiba farasi.

Sasa, anayeimiliki pasi hiyo leo ana hatia? Sidhani. Yeye hakumfungia mtu mlango. Ila furaha yake inatoka wapi? Kama inatoka kwenye kusema "mimi ninayo, wewe huna", amelijenga upya lile jukwaa kabatini mwake. Kama anakuitia kiti, anakuwekea pasi mkononi na kukusimulia uwanja mzima, pamoja na mti wa kunyongea, hiyo kwangu ni kazi ya heshima, hata kama aliinunua ghali.

Lakini bado kuna ugumu. Aliyekaa juu ameacha jina lake kwenye fedha. Aliyesimama majanini hakupewa kitu cha kuingilia, kwa hiyo hakuna cha kukusanya.