Unajua ulichobeba katika damu: Ni halali kukinyamazia wakati wa posa?

Kijana mmoja wa hapa Mwembesongo alinifuata baada ya swala ya Isha na swali ambalo sikuwa na jibu lake papo hapo. Posa yake imekubaliwa. Mdogo wake alifariki kwa selimundu, na yeye alipopimwa akaambiwa anabeba kinasaba cha ugonjwa huo, ingawa mwenyewe ni mzima wa afya. Wazee wake wamemwambia: "Nyamaza mpaka ndoa ifungwe, mengine ni ya Mwenyezi Mungu." Je, anyamaze?

Suala hili si la mtu mmoja. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka, na wanaobeba kinasaba bila kuugua ni kati ya watu 13 na 20 katika kila 100. Mtoto huugua anapokirithi kwa baba na kwa mama pia. Chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo, vidole vikavimba na mifupa ikauma. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa. Nasema kila mimba, kwa sababu wapo wanaodhani akishaugua mmoja basi watatu wanaofuata wamesalimika!

Sasa hapa kwetu Uluguru ukoo hufuatwa kwa mama, na lawama nazo hupita njia hiyo hiyo. Mtoto akiugua husemwa damu ya kina mama fulani ni mbaya, au wamerogwa. Wanawake wangapi wamepewa talaka kwa jambo ambalo nusu yake imetoka kwa mume?

Nikarudi kwenye swali la kijana. Tunajua kisa cha Mtume (s.a.w.) kupita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la chakula akakuta unyevu umefichwa chini, akamkemea muuzaji. Mtu ataniambia, binadamu si nafaka. Kweli, na kubeba kinasaba si kuoza. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kutokana na uchunguzi wake Afrika Mashariki kwamba wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria. Huenda ndiyo sababu babu zetu wengine waliponea utotoni. Kwa hiyo kijana hana aibu ya kuficha. Kosa litakuwa ni kumfanya binti aingie katika mkataba mzito akiwa gizani, wakati mwenzake anaona.

Wazee wanaosema ni kadari nawaheshimu. Lakini mbona tukiugua malaria tunapima, wala hatusemi tumeikataa kadari? Saudi Arabia imeweka sharti la kipimo hiki kabla ya ndoa tangu mwaka 2004, na wachumba wakishapewa majibu wanabaki huru kuoana. Hilo la uhuru nalipenda zaidi kuliko sharti lenyewe, kwani naogopa siku ambayo imamu atakataa kufungisha ndoa kwa sababu ya karatasi ya maabara. Wapo watakaooana wakijua, wakajiandaa kumpima mtoto mapema na kumtibu.

Nikamjibu kijana: mwambie binti na walii wake, basi. Na wao wasikitangaze mtaani, maana ni amana.

Alikwenda. Kwa kuwa ni Waluguru, mjomba wa binti naye alikuwepo. Kijana alitarajia kufukuzwa. Mzee yule akanyamaza kitambo, kisha akasema dada yake alizika watoto wawili wadogo, wote walivimba vidole, na kwa miaka mingi ukoo mzima umekuwa ukimshuku jirani mmoja kuwa mchawi. Jirani huyo bado yu hai.

Kisha akamuuliza kijana kipimo hicho kinapatikana wapi, na kama mtu wa umri wake naye anaweza kupimwa.