Nani Mwizi: Ndege au Mwenye Kuku?

Jioni moja tulikaa uani kwa jirani, watu watano, juu ya kilima kinachotazama ziwa Kivu. Mtama ulikuwa umekwisha kuvunwa, na kuku walikuwa wakiokota punje zilizobaki kando ya mkeka. Wafuga kuku wakikutana, maneno yao hayakawii kufika kwa ndege wa pori. Mmoja alisema kwamba mwewe amemnyang'anya vifaranga watatu kwa juma moja. Mwingine aliulilia mtama wake. Watoto wake waliamia shamba tangu alfajiri, wakipiga madebe na kutupa mawe kwa kombeo, na hata hivyo ndege wadogo wa manjano, wale wafumao viota juu ya migomba, walikula masuke ya ukingoni yakabaki makapi.

Mwenye nyumba akakasirika. Akasema: «Ndege wote ni wezi. Nitanunua sumu, niichanganye na punje, niwamalize.»

Hapo mama mmoja mjane, ambaye bustani yake inapakana na uwanja ule, akauliza kwa upole: «Na kuku wako, baba? Juzi walifukua maharagwe yangu yote niliyopanda. Wao tuwaiteje?»

Mwenye nyumba akajibu: «Aa, mama, kuku hana akili. Usimwekee kinyongo.»

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Nami nilirudi kwangu na swali lile moyoni. Ndege wa pori akila punje, ni mwizi. Kuku wangu akila punje, hana akili. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Tuanze na neno lenyewe. Mwizi ni nani? Ni mtu anayejua kwamba kitu ni cha mwingine, na kwa kusudi anakichukua. Ndege hajui mpaka wa shamba. Hajui nani alilima, nani alipalilia. Anaona suke limeiva, anakula. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alifundisha kwamba wanyama hufuata maumbile yao tu, hawana akili ya kupima mema na mabaya. Basi hawana dhambi.

Lakini watu wamesahau jambo hilo mara nyingi. Mwaka 1474, katika mji wa Basel, ulio leo katika nchi ya Uswisi, jogoo mmoja alishitakiwa mbele ya waamuzi kwamba ametaga yai. Machoni pao hilo lilikuwa jambo la uchawi. Wakamhukumu, wakamchoma moto pamoja na yai lake. Leo wenye elimu ya kuku wanajua kwamba tetea akiharibika viungo vya uzazi anaweza kuota upanga na manyoya kama ya jogoo. Pengine yule hakuwa jogoo hata kidogo. Sisi tunawacheka waamuzi wale. Lakini tukimwita ndege mwizi, na kwa hasira tukataka alipe, tumekaa katika kiti kile kile cha waamuzi wa Basel.

Je, maana yake tuwaache ndege wale mtama wote, watoto walale na njaa? Sivyo. Mtu ana haki ya kulinda chakula cha nyumba yake. Mtoto anayeamia shamba anafanya kazi njema. Mama anayefunika vifaranga kwa tenga mpaka wapate nguvu ni mwenye busara. Kufukuza ni kulinda. Kumaliza ni neno lingine.

Tazameni yaliyotokea China. Mwaka 1958 serikali ya Mao Zedong iliwaamuru watu kuwaangamiza shomoro, kwa sababu wanakula nafaka. Watu walipiga ngoma na masufuria mchana kutwa, ili ndege wasipate mahali pa kutua, mpaka wakaanguka kwa uchovu. Walivunja viota na mayai. Lakini shomoro hawali nafaka peke yake, na makinda yao hulishwa wadudu. Ndege walipokwisha, wadudu wakazidi mashambani. Mwaka 1960 serikali yenyewe ikamwondoa shomoro katika hesabu ya maadui, ikaweka kunguni mahali pake. Njaa kubwa ya miaka ile ilikuwa na sababu nyingine nyingi, na nzito kuliko hiyo, lakini kuua shomoro hakukusaidia mtu.

Na hapa kwetu, mfikirieni bundi. Akilia usiku, watu husema ni ndege wa wachawi, wakamtafuta kwa mawe. Lakini bundi yule anakamata panya, na panya ndiye anayemaliza mahindi ghalani. Tazama chini ya mti anapolala: utaona vibonge vya manyoya na mifupa ya panya alivyotapika. Sumu nayo haina macho. Punje uliyomtegea ndege italiwa na kuku wako, au kuku wa jirani. Panya aliyekula sumu ataliwa na bundi, na bundi atakufa. Tena, sumu iliyowekwa uani hufikiwa na mkono wa mtoto.

Sasa turudi kwa mama mjane. Mwenye nyumba alisema kweli: kuku hana akili. Lakini hakulifuata neno lake mpaka mwisho. Kama kuku hana akili, akili ya kuku ni ya nani? Ni ya mwenye kuku. Ndege wa pori hana bwana. Hasara yake tunaivumilia kama mvua ya mawe. Kuku ana bwana. Bwana huyo hula mayai yake na kuuza majogoo yake sokoni. Haiwezekani faida ya kuku iwe yangu, na hasara ya kuku iwe ya jirani. Sheria ya Musa ilisema jambo hilo wazi: mtu akiacha mnyama wake akala shamba la mwingine, atalipa kwa mazao mema ya shamba lake mwenyewe. Basi neno «hana akili» halimfungui mwenye kuku. Ndilo linalomfunga.

Mtu atasema: «Sisi sote tunafuga kuku huru. Leo wangu wanakula kwako, kesho wako watakula kwangu, tunasameheana.» Ni desturi nzuri kati ya watu wawili wenye kuku. Lakini yule mama hana hata kuku mmoja. Yeye kila siku anasamehe, wala hasamehewi kitu. Kusamehe kwa namna hiyo ni kodi anayotozwa maskini.

Mwingine atasema: «Sina chakula cha kuwalisha kuku ndani.» Hatudai wafungwe mwaka mzima. Kuku anaatamia siku 21, nasi tunamngojea bila kunung'unika. Je, hatuwezi kuwazuia kuku siku 10 hivi, mpaka maharagwe ya jirani yaote na kushika mizizi? Watoto walioamia mtama wanaweza kuamia bustani ya mama pia.

Siku chache baadaye nilimwona mwenye nyumba yule akivuka mpaka, na bakuli la maharagwe ya mbegu mkononi, yale makubwa aliyoyachagua kwa shamba lake mwenyewe. Hakutoa hotuba. Alisema tu: «Mama, nimeleta deni la kuku.» Kisha wakapanda pamoja, na watoto wake wakakata miti ya kuziba ua.

Juu ya mwewe, bado analalamika kila jioni. Lakini sijamsikia tena akimwita mwizi.