REHANI YA MAVUNO: FAIDA NI YA NANI?



Mkulima kavuna magunia 10 ya mahindi. Bei wakati wa mavuno ni duni, na ada ya shule haingoji. Anakujia umkopeshe fedha za thamani ya magunia 5, naye akuwekee yote 10 ghalani mwako. Baada ya miezi minne bei imepanda maradufu, yeye kachelewa siku chache, nawe wasema: "Muda umepita, mzigo ni wangu." Je, ni wako kweli?

Rehani yenyewe haina ubaya. Imetajwa katika Suratul Baqara, aya ya 283, na Bwana Mtume (S.A.W.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Yahudi kwa pishi 30 za shayiri. Wala mkulima asiitwe mlanguzi kwa kungoja bei. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanasema mwenye kosa ni yule anunuaye chakula wakati wa ghali akakificha ili kizidi kupanda, si aliyeweka zao la shamba lake.

Ubaya huingia kwa mlango mwingine. Rehani ni amana mkononi mwako, milki haikuhama. Bei ikipanda, imempandia mwenye mahindi. Dumuzi wakila pasipo uzembe wako, hasara ni yake, na deni liko pale pale. Na ukimshurutisha tangu mwanzo kwamba asipolipa siku fulani mzigo utakuwa wako, sharti hilo ni batili.

Tanzania ilitunga sheria ya stakabadhi ghalani mwaka 2005, na korosho za Mtwara zikaanza kuuzwa kwa utaratibu huo mwaka 2007. Kenya ikatunga yake mwaka 2019. Mzigo hupimwa, mkulima hupewa hati, naye aweza kuipeleka benki. Ni jambo jema kwamba mwenye funguo za ghala si yule anayedai. Lakini mkopo wa riba hausafishwi na hati ya ghala, na hilo tusidanganyane.

Basi turudi kwa mkulima wetu. Akikosa cha kulipa, mpe muda. Ikishindikana, mzigo uuzwe kwa idhini yake, au kwa amri ya kadhi, kwa bei ya soko ya siku hiyo. Ulikopesha thamani ya magunia 5. Bei ikiwa maradufu, haki yako imo katika magunia mawili na nusu tu. Yale saba na nusu ni yake, hata kama hajui kupiga hesabu.