Mtoto Huyu ni wa Nani?

Somo: 1 Wafalme 3:16–28

Sulemani alikuwa na kazi rahisi kuliko hakimu wa leo. Kati ya wale wanawake wawili, mmoja alikuwa mwongo. Lakini wazazi wakitengana wakafika Mahakama ya Watoto, mara nyingi wote wawili ni wazazi kweli, na wote wanampenda mtoto. Hapo upanga utamfichua nani?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, haiulizi nani amekosewa zaidi. Inasema maslahi ya mtoto yatangulie, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Afisa wa watoto anaweza kutumwa nyumbani kuangalia: mtoto analala wapi, nani humpeleka shule, na yeye mwenyewe anasema nini.

Sasa jiulize: unapigania mtoto, ama unapigania kumshinda mwenzako? Mama wa kweli alikuwa tayari kushindwa kesi ili mtoto aishi. Sisemi umwache mtoto mahali anapigwa. Hapo kumwachilia si upendo, simama umtetee. Lakini kama kule yuko salama, kumzuia asiende, au kumsimulia kila jioni ubaya wa babake ama mamake, ni kumkata vipande viwili polepole, bila upanga.

Hakimu ataamua mtoto alale wapi. Kama atalala na amani moyoni, hilo ni lako wewe.