Zamu si Msaada

Sikiliza vile tunamsifu mwanaume anayeingia jikoni. Tunasema, "Huyu ni mtu mzuri, humsaidia bibi yake." Sijawahi kusikia mtu akisema mwanamke humsaidia bwanake kupika. Neno lenyewe ni dogo na lina nia njema, lakini limeshaamua kesi kabla haijasikizwa. Limesema kazi ni ya nani. Huwezi kumsaidia mtu kazi ambayo ni yako.

Hilo neno hunirudia kila mwaka Oktoba ikikaribia, kwa sababu mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Kama hujawahi kuishi na mwalimu muhula wa tatu, wacha nikueleze. Kuna KPSEA ya Gredi ya 6. Tangu 2025 kuna pia KJSEA ya Gredi ya 9, na kwa kuwa JSS iko ndani ya shule za msingi, mara nyingi mitihani yote miwili inafanyiwa kwa uwanja mmoja. Madarasa mengine yana tathmini zao, na alama lazima ziingizwe kwenye tovuti ya KNEC, mwanafunzi mmoja baada ya mwingine. Mchana mtandao unakwama, kwa hivyo mama huingia usiku. Utampata saa tano hivi, miwani puani, karatasi ya alama mkono wa kushoto, simu ya kutoa intaneti mkono wa kulia.

Hiyo sehemu mimi siihurumii sana. Ni kazi, inajulikana ni kazi, ina mshahara hata kama ni mdogo. Kinachonishtua ni yale anayosema kati ya mwanafunzi wa 31 na wa 32, bila kuinua macho. "Gesi haifiki Jumamosi." "Mama mboga tunamdai au anatudai?" "Dawa ya presha ya nyanya yenu inaisha Alhamisi."

Si kwamba sisi wengine tunakaa tu. Mimi huandika nikiwa nyumbani, kwa hivyo vyombo na kufagia ni mimi mara nyingi. Baba akifunga duka hupitia mkate na maziwa. Ukihesabu mikono, nyumba yetu iko sawa kuliko nyingi. Lakini ukihesabu vichwa, kinachokumbuka ni kimoja. Sisi wengine tunangoja kuambiwa. "Mama, leo kunapikwa nini?" ni swali la heshima kabisa, na bado ni kazi mpya unampa mtu aliye na kazi.

Sasa, unajuaje kazi ni ya nani kwa kweli? Usiangalie nani anaifanya. Angalia nani analaumiwa isipofanywa. Jirani akinipata naosha vyombo, anamwambia mama, "Umelea kijana!" Jirani huyohuyo akipata sinki imejaa, hanitazami mimi, wala hamtazami baba. Anamtazama mwalimu. Sifa huja kwa msaidizi, lawama hubaki kwa mwenye kazi. Na msaidizi ana uhuru ambao mwenye kazi hana: anaweza kuchoka. Akisema leo sijiskii, hajavunja ahadi yoyote.

Hili si la nyumba yetu pekee. Utafiti wa KNBS wa 2021 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha wanawake Kenya wanatumia karibu mara tano ya muda ambao wanaume wanatumia kwa kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa. Sheria nayo inajua hizo ni kazi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema kazi za nyumbani na kutunza watoto ni mchango, kama vile pesa ni mchango. Ni jambo zuri. Lakini tazama ni lini hasa huo mchango hupigiwa hesabu: ni siku watu wanaachana na wanagawana mali. Kwa maneno mengine, korti iko tayari kuuliza nani alifanya nini ndoa ikishakufa. Ikiwa hai, kuuliza hivyo kunaonekana ni kukosa adabu.

Kuna wanaosema dawa ni kumwandika dada wa kazi. Inasaidia, sikatai. Lakini nani atamtafuta, atamwelekeza, atakumbuka kumtumia M-Pesa mwisho wa mwezi? Na yeye pia ana nyumba mahali, na kazi ya hiyo nyumba ameachia mwanamke mwingine. Mzigo haujagawanywa. Umesukumwa tu kwa mtu anayelipwa kidogo zaidi.

Jibu naona liko shuleni kwa mama, limebandikwa ukutani kwa ofisi ya walimu. Kuna kitu kinaitwa mwalimu wa zamu. Wiki yako ikifika, kengele ni yako, gwaride ni lako, mtoto aliyeanguka uwanjani ni wako. Hungoji mwalimu mkuu akuambie watoto wametoka. Na wiki ikiisha, unaiacha kabisa, unaenda kunywa chai yako ukijua kuna mwingine anayekumbuka. Mwalimu wa zamu hasifiwi kwa kupiga kengele. Kwani alikuwa anamsaidia nani?

Hiyo ndiyo tofauti. Msaada unagawa mikono. Zamu inagawa mikono, kichwa na lawama.

Najua pingamizi. Nyumba si ofisi, upendo hauna ratiba. Lakini walimu hawakuweka zamu kwa sababu wanachukiana. Wameweka ndio wasichukiane. Pahali hakuna zamu, kazi huangukia yule mwenye roho ya kuona aibu haraka, kisha tunaiita hiyo aibu upendo wa mama.

Pingamizi ngumu zaidi ilitoka kwa mama mwenyewe. Nilipolitaja hilo wazo, hakufurahi vile nilitarajia. Aliuliza, "Na mtu akisahau?" Swali halali. Mtu wa zamu anaweza kusahau, na kwa nyumba yenye mgonjwa wa presha, kusahau si mchezo. Tena jikoni ndipo pahali pamoja ambapo neno lake halijapingwa kwa miaka mingi. Kumpokonya mtu mzigo ni kumpokonya pia mamlaka yaliyokuja na huo mzigo. Sina jibu safi kwa hili. Nadhani ni lazima dawa ziandikwe ukutani, na ni lazima yeye akubali wiki zingine tutakula ugali umeiva nusu bila yeye kuinuka.

Baba alicheka, kwa upole. Akauliza, "Sasa mimi nitasaidia siku gani?"

Nikamwambia, "Baba, hakuna kusaidia. Wiki ya pili ni yako."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza dawa ya nyanya huuzwa kwa duka gani la dawa, na ni pesa ngapi. Amekuwa akitoa pesa zake miaka yote hiyo. Mama alimtajia jina la dawa, akamtajia duka, akamngoja aandike.