Dhuluma Huanza Kuhesabiwa Lini?

Ukomo wa madai, yaani muda ambao sheria humpa mlalamikaji kabla ya kumfungia mlango, huzaa swali la kifalsafa: dhuluma hutendeka lini? Mwaka 1980, katika shauri la Delaware State College, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba siku 180 za mhadhiri mzaliwa wa Liberia, aliyedai kunyimwa ajira ya kudumu kwa sababu ya asili yake, zilianza kuhesabiwa alipoarifiwa uamuzi wa chuo, si siku ulipokwisha mkataba wake wa mwisho wa mwaka mmoja. Ni kweli kwamba ushahidi huchakaa na mashahidi husahau. Lakini hesabu hiyo, ambayo haikusimamishwa hata na malalamiko yaliyokuwa yakisikilizwa chuoni, humtaka mtu amshtaki mwajiri ambaye bado anamwomba abadili uamuzi.