Kutupa na Kurudisha

Wahenga walisema kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii ina ukweli katika mambo mengi ya maisha, kwani neno likishatamkwa halirudi kinywani, na siku ikishapita hairudi tena. Lakini yafikirie maji yenyewe, msomaji, nawe utaona kuwa kumwagika si kupotea. Maji tuyamwagayo huenda mahali, humfikia mtu, nayo huchukua pamoja nayo kila kitu tulichoyatwika. Basi nakuuliza: mtu akiisha kuyamwaga maji yake machafu, je, wajibu wake juu ya maji hayo umekwisha?

Watu wengi hujibu kwa vitendo kuwa umekwisha. Twasukuma maji chooni, twasikia mshindo wake, kisha twageuka kwenda zetu. Tukilipa ada ya maji twadhani tumelipa deni lote. Fikira hii hulelewa na neno moja dogo, yaani kutupa. Neno hilo hutuaminisha kuwa pana mahali pasipo mtu, ambapo vitu tusivyovitaka huenda vikakoma kuwapo. Mahali hapo hapajaonekana na mtu yeyote. Kila kitupwacho hakina budi kuangukia pa fulani, na mara nyingi pa fulani pana wenyewe.

Chukua mfano wa Nairobi. Sehemu kubwa ya maji machafu yanayokusanywa kwa mabomba ya mji hupelekwa Ruai, katika mabwawa ya Dandora, ambako husafishwa kwa jua, hewa na vijidudu, kisha hutiwa katika Mto Nairobi. Maji mengine hayafiki huko kabisa, bali hutiririka mtoni na uchafu wake wote. Mto Nairobi huungana na Mto Athi. Nao Athi hushuka nyikani, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka ukaingia katika Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Kwa hiyo mkazi wa Nairobi na mvuvi wa Mambrui, ambao yamkini hawatapata kuonana maishani, wamefungwa kwa uzi mmoja wa maji. Mmoja hutupa, wa pili hupokea, na yule apokeaye hakuulizwa.

Huko Kampala uzi huo ni mfupi zaidi. Mfereji wa Nakivubo huchukua maji ya mji mpaka ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Na katika ghuba hiyo hiyo, pale Gaba, mji huteka sehemu ya maji yake ya kunywa. Hapo atupaye na apokeaye ni jamaa moja.

Tena ni kitu gani tunachokitupa? Mwaka 1669 mtu mmoja wa Hamburg, jina lake Hennig Brand, alichemsha mkojo mwingi akitumaini kupata dhahabu. Dhahabu hakuiona, lakini aliona kitu cheupe kilichong'aa gizani. Kitu hicho ni fosforasi, ambayo pasipo hiyo hapana mmea, mnyama wala binadamu awezaye kuishi, wala hapana kitu kingine kiwezacho kushika nafasi yake. Huko Minjingu, karibu na Ziwa Manyara katika Tanzania, watu huchimba mwamba wenye fosforasi ili kufanya mbolea. Na asili ya mwamba huo ni vinyesi vya ndege na mifupa ya samaki wa zama za kale. Tazama ajabu ya mwenendo wetu! Kinyesi cha ndege wa kale twakichimba kwa jasho na kukinunua kwa fedha, na kilichomo katika maji yetu twakisukumia mtoni.

Kikiisha kusukumwa mtoni hakilali bure. Mbolea iliyokosekana shambani huwa chakula cha magugu ziwani. Katika miaka ya 1990 magugu-maji yalienea katika Ziwa Victoria hata mitumbwi ikashindwa kupita katika ghuba ya Kisumu, na wavuvi wakakaa pwani wakiutazama mtaji wao umefungwa. Si maji machafu ya miji peke yake yaliyoyalisha magugu hayo, kwani udongo na mbolea za mashamba vilikuwa na sehemu yao; lakini miji haiwezi kujitoa katika lawama.

Pengine utasema kuwa mambo haya yanatia karaha, na kuwa mtu mwenye adabu hayazungumzi. Siidharau karaha. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kuwa kipindupindu katika mtaa mmoja wa London kilienezwa na maji ya bomba moja la kuvuta kwa mkono. Na kabla ya elimu hiyo kujulikana, karaha ndiyo iliyowaepusha watu wengi na mauti. Karaha ni mlinzi mwema. Hata hivyo, mlinzi si hakimu. Karaha hutuambia tusiguse, lakini haituambii ni nani astahiliye kuubeba mzigo wetu. Mara nyingi hutupotosha tukamdharau mtu azibuaye mfereji au achotaye choo, ilhali yeye ndiye atulindaye na maradhi, tukamheshimu yule auchafuaye mto kwa sababu mikono yake ni safi.

Wako watu walioipima karaha yao kwa akili. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, umo katika nchi kavu isiyo na mto wa kudumu ulio karibu. Tangu mwaka 1968 mji huo huyasafisha maji machafu ya nyumbani hatua baada ya hatua, ukayapima, ukayachanganya na maji mengine, na watu wakayanywa. Hawakuanza kwa kuipenda fikira hiyo. Walianza kwa kukubali kuwa kiu haina kiburi.

Lakini jihadhari, msomaji, usije ukadhani kuwa kila kurudisha ni kwema. Mkulima akitoboa bomba la maji machafu na kumwagilia mboga azipelekazo sokoni, amerudisha maradhi pamoja na mbolea. Na kiwanda kikitia sumu ya madini katika mfereji wa mji, chaharibu mali ya wote, kwani sumu hiyo haiondoki kwa urahisi katika tope litakiwalo shambani. Basi haki yadai mambo mawili kwa pamoja: mali irudi, na madhara yabaki nyuma. Alisahauye la pili ametupa tena, ila ametupa katika sahani ya mwenzake.

Jambo hili halimalizwi na mji mmoja, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 2003 Kenya, Tanzania na Uganda zilitia sahihi mapatano ya kulitunza na kuliendeleza bonde la Ziwa Victoria, na kamisheni ya bonde hilo ina makao yake Kisumu. Tayari kila upande una ujuzi wa kumfunza mwenzake. Pale Bugolobi, Kampala, tope la maji machafu hutoa gesi ya kuendeshea mitambo ya umeme. Huko Naivasha kinyesi kimepata kutiwa joto mpaka vijidudu vikafa, kisha kikafanywa makaa ya kuchomea. Ujuzi wa namna hii haupungui kwa kugawanywa. Mji uufichao ujuzi wake huku ukishiriki ziwa na jirani ni kama mtu azimaye moto wa chumba chake peke yake katika nyumba ya makuti iwakayo. Nayo gharama ni kubwa, sikatai. Lakini gharama ya kutofanya huwapo pia, ila hulipwa na watu wengine: na mama auguzaye mtoto kijijini, na mvuvi arudiye na nyavu tupu.

Sasa naweza kulijibu swali langu. Wajibu wa mtu juu ya kile akitupacho haukomi pale mkono wake uachiapo. Hukoma pale apokeaye awezapo kukipokea bila kudhurika, na ikiwezekana kwa faida. Hii si sheria mpya. Ni ujirani ule ule uliotufunza kutotupa mifupa katika ua wa mwenzetu, ila ua umepanuka ukawa bonde la mto.

Miongoni mwenu ninyi msomao, wako watakaokuwa wahandisi, wakulima, wakemia na madiwani, nao watakuwa na uwezo wa kuujenga ujirani huo kwa mabomba na kwa sheria. Lakini mwanzo wake hauhitaji cheo. Uliza leo maji ya shule yako huenda wapi, upite njia yake mpaka mwisho, na umjue mtu anayeyapokea.